Nimesikia ya Bondeni

4 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na wifi mzima, na Mama magoti yamempoa. Mimi sijambo, isipokuwa mikono. Miaka kumi na tisa ya kufua mashuka ya hospitali imeifanya iwe kama mikono ya mtu aliyezaliwa kabla yangu.

Barua yako kondakta aliniletea ikiwa na vumbi la mbao hadi ndani ya bahasha. Nilipoifungua nikapiga chafya, nikajua ni ya kwako kabla ya kusoma. Unauliza kama naweza kumpatia binti yako nafasi hapa kwenye chumba cha kufulia. Kaka, Mungu ana saa yake. Mwezi uliopita wamestaafu wawili kwa mpigo, na msimamizi wetu amesema mimi ndiye nimchagulie watu, kwa kuwa najua nani atauvumilia mvuke na nani atazimia siku ya pili. Msimamizi mwenyewe tunamwita Mama Funguo. Ana funguo nyingi kiunoni, ukisikia zinalia kwenye korido unaacha soga unashika pasi. Si mtu mbaya. Ni mtu aliyeumwa mara moja na hataki tena.

Aliyemuuma ni wa kwetu, ndiyo maana nakwambia. Miaka mitatu iliyopita tulikuwa na kijana kutoka bondeni. Aliombwa aje Jumapili kufua nguo za chumba cha upasuaji. Jumapili hakuja. Mgonjwa, aliyekatazwa kula kabla ya upasuaji, alilala na njaa akisubiri nguo za daktari, na Mama Funguo akaandikiwa barua ya onyo, yeye ambaye hajawahi kuchelewa hata siku ya mvua. Kijana akafukuzwa. Bondeni tulisemwa tangu zamani, lakini tangu hapo mtu yeyote akivunja miadi hapa wanasema ametoa ahadi ya bondeni. Hata sabuni isipotoa povu, ni sabuni ya bondeni.

Kwa hiyo aliponipa kazi ya kuchagua aliniambia, "Yeyote yule, ila usiniletee mtu wa bondeni." Mkubwa hakataliwi usoni. Nilimjibu kwa adabu, nimesikia.

Mlete mtoto. Cheti chake cha shule asikisahau.

Mdogo wako

15 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Tu wazima. Wifi yako anasema mikono yako uipake mafuta ya mgando uvae soksi juu yake. Nimemwambia dada yangu hawezi kuonekana mjini na soksi mikononi, akasema basi avae akilala.

Unaniuliza kila mara kwa nini nisipige simu. Simu huku inashika ukiwa juu ya paa, na mimi mapaa ninayapanda ya watu kwa sababu ya kazi. La kwangu nataka kukaa chini yake.

Sasa hilo la msimamizi wako. Umemjibu nimesikia. Hapa kwetu hata kuku anajua kwamba hiyo ni hapana iliyovaa nguo. Kisima ni kimoja, na utakayemkatalia leo asubuhi jioni unashika naye kamba moja, kwa hiyo hapana tunawaachia mbuzi wanaoingia shambani. Lakini huyo mama ni wa juu, si wa bondeni. Yeye alisikia nini?

Nakumbuka mnunuzi wa matofali, ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Alikuja na daftari, akakaa na wazee, akawaambia anataka matofali elfu kumi ifikapo mwisho wa mwezi. Wazee wakatazamana, mvua ilikuwa inakuja, matofali yangekaukia wapi? Wakasema tumesikia. Yule bwana akaandika, akashukuru, akaondoka. Hakuangalia kwamba hakusimama mtu. Unajua kwetu anayekubali jambo hasemi kitu, anasimama tu, kazi imeshaanza. Siku hiyo walikaa wote kama mafiga. Mwisho wa mwezi yakaja malori matatu, yakageuka matupu kwenye matope. Nadhani jina letu la waongo liliondoka na malori yale. Na sisi hatukukaa kimya, tukasema watu wa juu hawana haya, wanatamka hapana hata mbele ya wakwe zao.

Lakini wazee wale hawakujua kwamba yule bwana hajui. Wewe umekaa huko miaka kumi na tisa. Neno letu si uongo likiwa kati ya wanaolijua. Ukimwambia asiyelijua, na unajua halijui, mimi seremala sina jina jingine la kuliita ila lile wanalotuita wao. Mwambie wazi kabla mtoto hajafika.

Atapanda basi la tarehe ishirini na sita. Mama anauliza utakuja lini. Huu mwaka wa kumi na moja.

Kaka yako

2 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Mtoto amefika salama, na kikapu chote, ingawa mayai mawili yaliamua kuishia njiani. Ana urefu wa baba na pua ya Mama. Nilipomwona anashuka nilikaa kwenye kibanda cha stendi nikalia kidogo, kisha nikafuta macho kwa sababu watu wa kazini hupita pale.

Na kazi amepata. Mama Funguo hamwulizi mtu maswali mengi, anampa ncha mbili za shuka. Shuka la hospitali huwezi kulikunja peke yako, lazima muwe wawili, mnyooshe, mkutane, mwachiane, na mtu mbishi anajulikana hapo hapo kwa sababu anavuta. Binti yako hakuvuta. Alimwangalia Mama Funguo machoni na kumfuata, mashuka sita bila neno. Mama Funguo akaniambia pembeni, "Huyu umemtoa wapi? Niletee kumi." Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo pale pale kwenye mvuke.

Hilo ulilosema la kumwambia wazi, nimelifikiria. Nafasi ya kusema bado haijapatikana. Mambo ya alikotoka mtoto hakuna aliyeyauliza, na mimi naona lisiloulizwa halina haraka. Ameshajipatia jina, wanamwita Sindano, maana kila foronya iliyochanika anaikamata na kuishona kabla chai haijapoa. Bado anataka kufanya ule mtihani wake wa ushonaji, nami namwunga mkono.

Tunasali pamoja asubuhi kabla ya kutoka. Nilikuwa nimesahau sala ikiwa na sauti mbili inavyokuwa.

Mwambie Mama nimesikia.

Mdogo wako

9 Machi

Baba,

Shikamoo, na shikamoo kwa Mama na Bibi.

Mimi naendelea vizuri. Shangazi ananipenda, tena ananilisha kama mtu anayenenepeshwa kwa ajili ya wageni. Kazi ni nzito lakini naielewa. Nguo za wodi zina alama za rangi, za upasuaji zinafuliwa peke yake, na mashine kubwa ya kukamua ikianza kuzunguka sakafu yote inatetemeka, ungesema lori linapita.

Kuna jambo moja, Baba, nilisema nisikuandikie kisha nikashindwa. Kazini simwiti Shangazi. Aliniomba nimwite Mama Pasi kama wengine wanavyomwita. Siku ya kujaza fomu, pale penye kuandika nyumbani ni wapi, nilikuwa nimeshika kalamu, akaichukua akaandika yeye jina la mtaa wake wa hapa mjini. Aliwaambia mimi ni mtoto wa jirani yake wa zamani.

Juzi dereva wa hospitali alichelewa kuleta sabuni, mtu akasema, ahadi ya bondeni hiyo. Wote wakacheka. Nikamwangalia Shangazi. Naye alicheka, Baba, lakini macho yake yalikuwa kwenye pasi, na pasi ilikaa mahali pamoja hadi shuka likaungua. Ni mara ya kwanza kuungua kitu mkononi mwake, ndivyo walivyosema.

Usimgombeze. Nadhani amejificha muda mrefu hadi amesahau mlango uko wapi.

Mtihani ni Jumapili ya tarehe ishirini na tatu. Niombeeni.

Mwanao

17 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba.

Barua ya mwanangu imefika. Unataka asikuite shangazi mbele za watu.

Nimesikia.

Kaka yako

30 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Barua yako ina mistari mitatu na nimeisoma kwa siku tatu. Neno lile sijawahi kuambiwa na wewe. Nilipoliona nikajua Mama anajisikiaje, maana nimemwambia hivyo kila mwaka kwa miaka kumi na moja.

Acha nikueleze yote, na yale niliyokuficha, kisha unihukumu wewe baada ya Mungu.

Siku mbili baada ya barua yako kunifikia, Alhamisi, Mama Funguo aliingia na funguo zake akasema Jumapili kuna upasuaji wa wagonjwa wawili, nguo zifuliwe siku hiyo hiyo. Akamgeukia mtoto, "Sindano, utakuja wewe." Mtoto alikuwa amekaa anashona kitufe. Akainua uso, akasema kwa heshima zote, "Nimesikia, mama." Hakusimama. Akaendelea na kitufe. Jumapili ndiyo siku ya mtihani wake, kwa hiyo amekataa, tena kistaarabu kuliko mtu yeyote ndani ya chumba kile. Mama Funguo akaitikia vizuri akaanza kuondoka, roho nyeupe.

Kaka, hapo ndipo niliiweka pasi chini. Kwa sababu niliwahi kuyaona haya haya. Yule kijana wa miaka mitatu iliyopita hakuahidi kitu. Nilikuandikia kwamba aliombwa na hakuja, nikaishia hapo. Aliombwa, akasema nimesikia, akiwa amekaa juu ya tenga la nguo chafu, nami nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Mimi peke yangu katika chumba kile nilijua kwamba hatakuja. Nilikuwa na siku nne za kusema. Nikaogopa wataniuliza nimejuaje. Mgonjwa akalala na njaa, kijana akafukuzwa, na mimi niliendelea kupiga pasi. Kila nikisali miaka hii mitatu nazungukazunguka hapo kama mtu anayekwepa shimo la njiani. Watu wa bondeni wanaitwa waongo hapa kwa sababu ya mtu mmoja aliyesema kweli na mmoja aliyenyamaza, na aliyenyamaza ni dada yako.

Funguo zilikuwa zimefika mlangoni. Nikamwita. Nikamwambia, huyu amekukatalia.

"Amekataa nini?" akasema. "Si amesema nimesikia?"

"Kwetu hiyo ndiyo hapana."

Akarudi hatua moja. "Kwenu wapi?"

"Bondeni," nikasema. "Na huyu ni mtoto wa kaka yangu."

Sakafu ikatetemeka. Nilidhani ni mimi, kumbe ni mashine imeanza kukamua.

Mtoto alikuwa wa kwanza kushangaa. Alidhani watu wote wanajua, maana mimi mwenyewe nalitumia neno hilo hapo kazini kila siku na hakuna anayeuliza. Mama Funguo hakumjali mtoto. Aliniuliza habari za yule kijana, nikamwambia yote, na kwamba nilijua. Akaniuliza mimi nilimjibuje mwezi wa pili aliponikataza kuleta watu wa bondeni. Nikasema nilijibu nimesikia. Naona alikuwa anahesabu nyuma, shifti moja moja.

"Kwa hiyo miaka kumi na tisa umekuwa ukinikatalia," akasema, "na mimi nakushukuru."

Akaondoka. Angenitukana ningepata ahueni.

Nilimwambia mtoto aende kwenye mtihani wake, Jumapili nitafua mimi. Nimekosa ibada mara mbili tu tangu nije mjini, zote kwa homa. Hii ilikuwa ya tatu. Nilifungua chumba saa kumi na mbili, nikafua, nikakausha, nikaanza kuzipiga pasi zile nguo za kijani huku nikiimba peke yangu kwa sauti ya chini. Yalibaki mashuka ya kufunikia meza ya upasuaji, marefu kama shida, na nilikuwa nimelishika la kwanza kwa meno na mikono natafuta namna, nikasikia funguo. Hakunisalimu. Alichukua ncha zake mbili. Tulikunja mashuka kumi na moja bila kuzungumza. Kwenye la kumi na mbili tulipokutana katikati hakuachia.

"Kwenu mtu akitaka kukubali anasemaje?"

"Hasemi. Anasimama."

Alifikiri, akasema, na yule kijana alikuwa amekaa. Nikasema ndiyo, alikuwa amekaa. Akasema kumbe aliulizwa kitu kimoja akajibu kwa kinywa na kwa makalio, na hakuna aliyemsikia kokote. Nilicheka, Mungu anisamehe, na yeye akacheka, kisha nikalia, na yeye akanikumbusha kwamba shuka hilo ni safi, nisilidondoshee machozi.

Jumatatu alileta fomu mpya akampa mtoto kalamu, si mimi. Mtoto ameandika mwenyewe jina la kwetu, kwa herufi kubwa kuliko ilivyohitajika. Kwenye fomu yangu nimeandika mimi.

Sitakudanganya kwamba yote yamekwisha. Fundi wa mashine nikimwambia habari za asubuhi anachungulia nje kwanza kama kweli ni asubuhi. Mwenzangu mmoja niliyefanya naye kazi miaka tisa amehamisha kikombe chake kutoka karibu na changu. Wengine wamepata mchezo, Mama Funguo akitoa amri wanaitikia nimesikia kisha wanaulizana, ya juu au ya bondeni? Yeye sasa akimaliza kusema anasubiri, anaangalia nani amesimama.

Anauliza yule kijana yuko wapi. Anataka arudi kazini, yeye mwenyewe atamwandikia. Kama unamjua, mpe salamu zangu, ingawa sijui salamu zangu zitamfaa nini.

La mwisho, nalo ndilo gumu. Basi la kwetu linapakia mbele ya geti la hospitali. Hilo tu ndilo lililonizuia kuja, Kaka. Si nauli, si likizo. Miaka kumi na moja nimeogopa kuonekana napanda basi lile.

Mdogo wako

10 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, marahaba.

Nilikuwa nasawazisha mlango barua ilipofika, nikaisoma nimesimama kwenye maranda mpaka wifi yako akaja kuuliza kama nimejikata. Hasira zangu zilikuwa za kweli, nisingependa uzisahau upesi. Lakini zimekwisha. Ulipomwita yule mama mlangoni ulifanya kazi ambayo wazee wetu wote na yule bwana wa daftari hawakuifanya.

Yule kijana namjua. Anaziba pancha za baiskeli karibu na kinu, ana mke na mtoto mmoja. Nilimpelekea barua nikamsomea kipande kinachomhusu. Aliendelea kusugua tairi. Nilipofika pale kwamba wanamwita arudi kazini, akasema, "Nimesikia." Hakusimama. Mwambie msimamizi wako, na umweleze vizuri. Salamu zako alizipokea, hilo nililiona, maana aliniuliza mikono yako inaendeleaje.

Mtoto ametuandikia kwamba mtihani ulikuwa mwepesi. Tunangoja waliousahihisha waseme nini.

Nilimsomea Mama barua yako yote, hata palipo na aibu. Alisikiliza ameegemea ukuta, kama anavyokaa siku hizi. Nilipomaliza aliniuliza neno moja tu. Aliuliza, "Amesimama?"

Nikamwambia barua haionyeshi miguu.

Kaka yako

19 Aprili

Kaka yangu,

Shikamoo. Nimepewa siku kumi na mbili, Mama Funguo ameziandika mwenyewe. Mtoto atashika pasi yangu, nimemwonyesha inapovuta.

Basi linapakia Ijumaa saa nane, saa ile ile shifti ya asubuhi inapotoka getini. Nimekata tiketi ya kiti cha dirishani, upande wa geti.

Kijana namletea kitabu cha ufundi wa baiskeli, cha picha. Akikikataa nitaelewa.

Mwambie Mama nimesimama.

Mdogo wako